Shabiki Mwenye Kurekodi: Taarab ya Harusini Pwani ya Kenya na Suala la Matini ya Wimbo

Mwanafunzi wa fasihi simulizi afunguapo daftari lake ili achambue wimbo wa taarab, aghalabu huwa na karatasi mbele yake: beti kadhaa zilizopigwa chapa, mishororo imepangwa, vina vimelingana, na jina la mwimbaji limeandikwa juu. Ni nadra kwake kuuliza karatasi hiyo ilitoka wapi. Lau angeifuatilia asili yake, mara nyingi angefika kwa mtu asiyekuwa mtafiti wala mwanamuziki. Ni shabiki tu, aliyekwenda harusini na chombo cha kunasa sauti, akakiweka karibu na kipaza sauti, akarudi kwao na kitu ambacho baada ya miaka arubaini kimekuwa ushahidi wa pekee wa usiku ule. Makala haya yanakusudia kumweka shabiki huyo mahali pake katika historia ya matini ya Kiswahili, kueleza namna kazi yake ilivyobadilika kutoka tepurekoda hadi simu ya mkononi, na kuonyesha kwamba mabadiliko hayo yanagusa maana yenyewe ya wimbo. Mfano utakaoshughulikiwa ni taarab ya Mombasa na Lamu, ambako wimbo umekuwa kwa muda mrefu shughuli ya harusi kabla ya kuwa bidhaa ya duka.

I. Santuri, kanda na simu

Sauti ya mwimbaji wa Kiswahili haikuanza kunaswa na mashabiki. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay akarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, na santuri zake zikasikilizwa katika miji ya pwani nzima. Maisha yake yamehifadhiwa na Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti binti Saad, kwa hiyo hapana haja ya kuyarudia hapa. Jambo linalostahili kuangaliwa ni la kimashine. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kwa kila upande. Wimbo uliozoea kuendelea robo saa au zaidi, mwimbaji akiurudia mshororo kila aonapo umewachoma wasikilizaji, ulilazimika kupunguzwa uingie katika kipimo hicho. Tena katika chumba cha kurekodia hapakuwa na hadhira ya kutunza wala kupiga vigelegele. Matini ya kwanza ya taarab kuhifadhiwa kwa sauti, basi, ilikuwa imekwisha kukatwa mara mbili: ilikatwa urefu, na ilikatwa watu.

Kaseti ndiyo iliyomrudisha mtu wa kawaida katika jambo hili. Kampuni ya Philips iliitoa kaseti ndogo mwaka 1963, na katika miaka ya sabini ilikuwa imeenea pwani. Mashine yake ilikuwa nyepesi, ilitumia betri, na haikuhitaji fundi. Mombasa ilikuwa na wafanyabiashara wa muziki, miongoni mwao Mbwana Radio Service, waliotoa sahani na baadaye kaseti za waimbaji wa mji huo. Lakini sambamba na biashara hiyo zilienea kanda zilizorekodiwa palepale harusini. Mohamed Khamis Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Maulidi Juma walisikika kwa njia hii majumbani mwa watu ambao hawakualikwa kamwe kwenye harusi zenyewe. Kanda ilitoka kwa jamaa hadi kwa jirani, ikanukuliwa, nakala ikanukuliwa tena, na nyingine zikasafiri na watu hadi Unguja, Maskati na Dubai. Kila nakala iliongeza mvumo wake juu ya mvumo wa ile iliyotangulia, hata sauti ya mwimbaji ikawa kama inatoka nyuma ya pazia. Kanda ya dakika 60 ilikuwa na dakika 30 kwa kila upande, nayo haikujali ubeti umefika wapi. Ilipokwisha ilikwisha, na mshororo uliokatika ukabaki umekatika mpaka leo.

Video zilifuata. Minou Fuglesang, katika kitabu chake Veils and Videos cha mwaka 1994, ameeleza jinsi video zilivyoingia katika maisha ya wasichana wa Lamu. Hatimaye ikaja simu yenye kamera, na baada ya YouTube kuanzishwa mwaka 2005 kukapatikana mahali pa kuziweka picha hizo ambapo yeyote, popote, angeweza kuziona. Kanda nyingi za kale nazo zimeingizwa humo na mashabiki waliozirithi, zikiambatana na picha moja tuli ya mwimbaji. Juma Bhalo alifariki mwaka 2014 na Zein l'Abdin mwaka 2016. Sehemu kubwa ya kile kinachosikika cha waimbaji hawa leo haitoki katika hifadhi ya chuo chochote bali katika makabati ya watu wa namna hii. Wanazuoni hawajawashukuru vya kutosha.

Kuna tofauti moja kati ya mwenye kaseti na mwenye simu ambayo ni rahisi kupitiwa. Mwenye kaseti aliiwasha mashine, akaiweka, akaenda zake kuketi. Mashine ilisikia kila kitu: kutia vyombo sauti, tangazo la mtoto aliyepotea, ugomvi wa wapishi, wimbo mzima kutoka utangulizi wa ala hadi mwisho. Mwenye simu ameishika mkononi. Mkono huchoka, betri hupungua, na rafiki wa mbali anangoja kurushiwa. Kwa hiyo huchagua. Huanza kunasa pale kiitikio kinapopamba moto na kuacha pale mwimbaji anapopumua. Video yake huwa na picha ambayo kaseti haikuwa nayo, lakini wimbo wenyewe huwa kipande.

Uchaguzi wa aina hii haukuletwa na simu. Marekani katika miaka ya 1947 na 1948, mpiga saksafoni aitwaye Dean Benedetti alimfuata Charlie Parker kutoka klabu hadi klabu akimrekodi, na ili asipoteze nafasi aliiwasha mashine Parker alipopiga peke yake na kuizima wenzake walipoanza. Rekodi hizo zilipotolewa mwaka 1990 wasikilizaji walikuta hazina ya ajabu iliyojaa mapengo. Benedetti alimpenda Parker kuliko alivyoupenda muziki uliomzunguka Parker. Ndivyo ilivyo kwa klipu ya taarab: ni kumbukumbu ya mapenzi kabla ya kuwa kumbukumbu ya wimbo, na mchambuzi anayeisahau nia hiyo atalichukua pengo la shabiki akalifanya mtindo wa mtunzi.

Yafaa kuangalia kidogo msamiati uliozuka, maana lugha nayo imekuwa ikirekodi mabadiliko haya. Zamani wimbo ulitiwa katika santuri au katika kanda, kama maji yatiwavyo mtungini. Kitenzi kilichukulia kwamba sauti ni kitu chenye ujazo na chombo ni cha kuihifadhi. Kurekodi kulikopwa na kukakaa. Kunasa ni kwa mtego na ulimbo, na kunabeba fikira ya kitu kilichokuwa huru kikakamatwa. Sasa klipu hurushwa. Anayerusha hatunzi; humwachia mwingine adake. Kupiga video kumefuata njia ya kupiga picha, na kitenzi hicho cha kale kinaendelea kuyapokea mambo mapya kama kilivyoyapokea simu na pasi. Wapo wanaoona kwamba maneno haya ni ya mitaani na hayastahili kamusi. Rai hiyo ni ya kukataliwa, kwa sababu tofauti kati ya kutia na kurusha ndiyo hasa tofauti kati ya zama mbili za matini ya Kiswahili, na wasemaji wa kawaida waliiona kabla ya wataalamu.

II. Fumbo na waliohudhuria

Kwamba wimbo wa taarab husema jambo moja na kumaanisha jingine ni jambo linalofahamika. Tatizo ni kwamba uchambuzi mwingi huliweka fumbo ndani ya maneno, kana kwamba mtu akiyajua maneno na utamaduni ataweza kulifumbua akiwa ofisini mwake. Harusini hali si hiyo. Chukua wimbo wowote unaozungumzia jahazi lililoingia maji na nahodha asiyesikia. Katika diwani ni wimbo wa jahazi, na msomaji mwerevu atasema ni wa ndoa au wa uongozi. Siku ya harusi, mwanamke fulani hunyanyuka katika ubeti wa pili, hupita mbele ya watu akicheza polepole, humtunza mwimbaji noti huku uso wake ukielekea safu ya tatu, kisha hurudi akaketi. Wanaomjua yeye, na wanaomjua aliyeketi safu ya tatu, wamekwisha kuelewa jahazi ni lipi. Mtunzi huenda hakuwa na habari yoyote na wanawake hao wawili. Kelly Askew amelijadili jambo hili kwa marefu katika Performing the Nation (2002), akionyesha kwamba mtunzaji ndiye anayeufanya wimbo kuwa kauli yake mwenyewe kwa kuchagua mahali pa kutunzia.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi matini ya fumbo ina sehemu tatu: maneno, mahali alipotunza mtu, na mtu aliyelengwa. Kaseti ilihifadhi sehemu ya kwanza. Ya pili ilisikika kidogo, kwa vigelegele vilivyopanda ghafla katika mshororo mmoja na si mwingine. Msikilizaji makini wa kanda za kale anaweza kuhisi kwamba kuna mtu amesimama, ingawa hawezi kumjua. Sehemu ya tatu haikuingia kabisa.

Ingetarajiwa kwamba video ingeliziba pengo hilo, na kwa kiasi fulani imeliziba. Kitu kimoja ambacho kaseti isingeweza kukipata ni kanga. Mwanamke atunzaye huweza kuwa amejifunga kanga yenye maneno yanayoujibu wimbo au kuuongezea makali, na maneno hayo yaliyopigwa chapa kwenye nguo ni sehemu ya mazungumzo. Pale kamera inapoipitia kanga hiyo, hata kwa nukta chache, mchambuzi hupata ubeti ambao hakuna mwimbaji aliyeuimba. Lakini shabiki hakwenda kupiga picha kanga. Amekwenda kumpiga picha mwimbaji wake. Hivyo huwageuzia mgongo wale wanaolikamilisha fumbo, na mtunzaji anapopita mbele ya kamera, huinua mkono juu zaidi ili asizuiwe. Mtu anayelalamika kwamba video za mashabiki ni mbaya kwa sababu zinatikisika hajaliona tatizo kubwa. Kutikisika kunavumilika, kuelekea upande mmoja tu ndiko kunakopoteza nusu ya matini.

Na huko video inakokwenda, fumbo huanza maisha mapya. Mpokeaji wa klipu aliye Nairobi au Toronto hamjui mtu wa safu ya tatu. Hubaki na jahazi, naye huliendesha kwake: humrushia rafiki aliyeachwa, au shemeji wanayekwaruzana naye, au kundi zima la jamaa lenye mgogoro wa urithi. Kila kurusha ni kutunza upya, maana anayerusha hufanya kile kile alichofanya mwanamke wa ubeti wa pili. Tofauti ni kwamba harusini aliyelengwa alikuwapo na aliweza kunyanyuka akajibu katika wimbo uliofuata, mbele ya mashahidi wale wale, na mambo yakaishia pale. Klipu haina wimbo unaofuata.

III. Kinachosikika na kisichoandikika

Kwa mwanaisimu, rekodi za mashabiki zina thamani nyingine. Waimbaji wa Mombasa na Lamu wameimba tungo za washairi wakubwa: Juma Bhalo aliimba za Ahmad Nassir Juma Bhalo, na Zein l'Abdin aliimba za Ahmed Sheikh Nabhany. Washairi hawa wametunga kwa Kimvita na Kiamu, lahaja zenye mambo ambayo tahajia ya Kiswahili sanifu haina namna ya kuyaonyesha. Mfano ulio maarufu ni mpumuo. Katika Kimvita paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo na p'aa, mnyama, hutamkwa kwa mpumuo. Vivyo hivyo kaa la moto na k'aa wa baharini. Katika karatasi maneno haya yanafanana. Msomaji aliyelelewa na Kiswahili sanifu anaweza kuona utata mtamu wa maana mahali ambapo sikio la Mvita halisikii utata wowote, kwa sababu mwimbaji ametamka moja waziwazi. Insha zinaweza kuandikwa juu ya utata ambao haukuwapo. Kanda ndiyo inayoweza kuamua, hata ikiwa ni mbovu, mradi mpumuo haujafunikwa na mvumo au na makofi.

Suala la vina ni dhahiri zaidi. Neno mato likiwa mwishoni mwa mshororo hupatana na moto na mtoto. Mhariri mwenye bidii ya usanifishaji huandika macho, idadi ya mizani hubaki sawa, na kina huvunjika. Kisha msomaji wa baadaye humlaumu mshairi kwa uzembe. Hali kadhalika ndoo ikigeuzwa njoo, au nti ikigeuzwa nchi. Mwenye kuisikiliza sauti atajua papo hapo ni nani aliyevunja.

Hata hivyo sauti nayo haina mamlaka kamili juu ya karatasi. Albert Lord katika The Singer of Tales (1960) alifundisha kwamba katika tendi za kusimuliwa hakuna matini moja sahihi; kila uimbaji ni matini. Fundisho hilo limewafaa sana wataalamu wa fasihi simulizi ya Afrika, lakini haliwezi kuhamishiwa taarab bila kupunguzwa makali. Taarab ina mshairi, mara nyingi anayejulikana kwa jina, aliyeandika beti zake kwa kalamu na kuhesabu mizani minane ya ukwapi na minane ya utao. Diwani ya Malenga wa Mvita ilipotolewa mwaka 1971, utungo ulikuwa na umbo lililokubaliwa na mtunzi mwenyewe. Mwimbaji hutia jina la bwana harusi, huacha ubeti, hurudia utao mara tatu, na huongeza ewe au jamani pale sauti inapotaka pa kupumzikia. Kwa hiyo kuna matini mbili halali, ya mshairi na ya usiku ule, na makosa huanza pale nakala ya pili inapowekwa kitabuni kwa jina la ya kwanza.

Shabiki wa simu amelizidisha kosa hili bila kukusudia, kwa njia mbili. Kwanza, huuita wimbo kwa maneno ya kiitikio anayoyakumbuka, na mwingine huuita kwa mshororo wa kwanza, hata utungo mmoja ukapata majina matatu na mtafiti akadhani ni tungo tatu. Pili, huandika jina la mwimbaji peke yake. Jadi ya utunzi wa Kiswahili ina dawa ya kale kwa jambo hili: mshairi hujitaja, au huuaga utungo wake, katika beti za tamati. Lakini tamati ndiyo sehemu ambayo klipu haiifikii kamwe. Klipu ni kiitikio. Mshairi aliyelificha jina lake mwishoni, akiamini kwamba atakayemtaka atasikiliza mpaka mwisho, hakukadiria msikilizaji wa nusu dakika.

IV. Wimbo ni wa nani

Harusi ilikuwa na jibu lake la swali hili, ingawa halikuandikwa. Bwana shughuli alimlipa mwimbaji, hadhira ikamtunza, na rekodi ya usiku ule ilionekana kuwa sehemu ya ukarimu wa nyumba. Sheria inasema vingine. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 uliweka msingi kwamba mtendaji aweza kuzuia onyesho lake lisinaswe bila idhini yake, huku ukiziruhusu nchi kuacha nafasi kwa matumizi ya mtu binafsi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imempa mtendaji haki hiyo ya kukubali au kukataa kunaswa kwa onyesho ambalo halijanaswa. Mshairi ana haki yake katika utungo. Na kinachoshangaza wengi ni kwamba sheria hiyo hiyo humtambua kuwa mwenye rekodi ya sauti yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Katika kanda moja ya saa moja, basi, kuna watu watatu wenye madai, na aghalabu wawili kati yao hawakujua kwamba ilirekodiwa.

Wapo waimbaji waliolitatua suala hili kwa ridhaa. Kundi la Grateful Dead la Marekani lilianza mwezi wa Oktoba 1984 kuwatengea mashabiki wenye tepurekoda sehemu yao maalumu ukumbini, na mila ikashika kwamba kanda hubadilishwa na haziuzwi. Mila hiyo ilifaulu kwa sababu kundi lilipata riziki yake kwenye mlango wa ukumbi. Mwimbaji wa harusini naye hupata riziki kwa malipo ya usiku na tuzo, si kwa mauzo ya dukani pekee; ndiyo maana hakuichukia sana kaseti iliyomtangaza kwa harusi ijayo. Mkasa ulianza pale kanda ilipopata bei, kwa kuwa hapo mtu wa nne, ambaye hakutunga, hakuimba wala hakualika, aliweza kula jasho la wote watatu.

Lakini fedha si jambo lililo zito kuliko yote. Mwaka 2016 Mzee Yussuf, mwimbaji mashuhuri wa taarab ya kisasa, alitangaza kuuacha muziki na kuielekea dini, baadaye alirejea. Toba ya namna hii si ngeni katika miji ya pwani, na zamani ilikuwa na maana kamili: mwimbaji akinyamaza, alikuwa amenyamaza. Tangu kaseti, na zaidi tangu simu, mtu anaweza kutubu na sauti yake isitubu. Hawezi kuyazunguka majumba ya watu akiiomba. Sheria inayohesabu haki za nakala haina kifungu cha kumsaidia mtu ambaye hadai malipo, ila anadai kunyamaza.

V. Upande wa wanawake

Yote yaliyosemwa yanakuwa mazito zaidi katika shughuli za wanawake, na hapo ndipo mtafiti anapolazimika kuamua atatumia nini na ataacha nini. Usiku wa kupamba, na katika shughuli nyingine ambazo wanaume hawaingii, wanawake huvua mabuibui, hujipamba, hucheza na huimba wenyewe kwa wenyewe. Ufasaha unaosikika humo haupatikani kwingineko: majibizano ya papo kwa papo, mafumbo makali, misemo ambayo haijaingia kamusi yoyote. Mtaalamu wa lugha akizipata rekodi za humo atatamani kuzitumia zote.

Heike Behrend, katika Contesting Visibility (2013), ameeleza wasiwasi wa wanawake wa pwani ya Kenya kuhusu picha na video za harusi kuonwa na wasiostahili kuziona. Kaseti haikuleta wasiwasi huo kwa kiasi kikubwa. Sauti bila sura ingeweza kukanwa. Video ya fundi wa harusi ilileta hofu, lakini ilikuwa na fundi mmoja, tena aghalabu mwanamke, na kanda moja iliyokabidhiwa wenye shughuli, nao wakaifungia kabatini. Simu mia moja hazikabidhiwi mtu. Ndiyo sababu katika harusi nyingi sasa mlangoni huwekwa mtu wa kuzipokea simu za wageni, au kuyabandika macho ya kamera kwa karatasi ya gundi, na bibi mmoja mwenye sauti kubwa hutangaza kwamba atakayeonekana akipiga picha atatolewa. Kuna chuo kipi chenye kanuni ya utafiti inayotekelezwa kwa uthabiti huo?

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haiyafikii matumizi ya mtu binafsi na ya nyumbani, na klipu nyingi huanza kama jambo la nyumbani: dada humrushia dada aliye ughaibuni ambaye hakuweza kuhudhuria. Kutoka hapo huvuja. Mtafiti anayeikuta hadharani hudhani kwamba, maadamu imo hadharani, imekwisha kuruhusiwa. Dhana hiyo ni dhaifu. Waimbaji wa humo waliimba mbele ya hadhira waliyoihesabu kwa macho yao, na fumbo lao lilijengwa juu ya hesabu hiyo. Kuinukuu bila ridhaa ni kujiingiza katika safu ambayo hakualikwa, na ni kosa la kitaaluma pia, kwa sababu hamjui mtu wa safu ya tatu na hana pa kumuulizia.

Zilizo salama zaidi ni zile rekodi ambazo asili yake inaweza kutajwa. Anayeziandika matini zake angeanza kwa kuzitaja juu ya ukurasa, kabla ya ubeti wa kwanza: harusi ilikuwa mtaa gani na mwaka gani, kama ilikuwa shughuli ya wanaume au ya wanawake, nani alikishika chombo bila kulitaja jina asilolitaka litajwe, chombo chenyewe kilikuwa nini, nakala ni ya ngapi, mwimbaji au warithi wake walisema nini walipoulizwa, na rekodi inaanzia wapi katika wimbo na kuishia wapi. Mahali kanda ilipokatika paachwe wazi. Vigelegele vitiwe alama katika mshororo vilipopigiwa. Na pale kamera ilipomgeukia mtunzaji mwenye kanga, maneno ya kanga yaandikwe pembeni, hata kama yanasomeka nusu, kwa maana nusu nyingine imo chini ya mkunjo wa nguo na mwenye nguo pengine bado yu hai, yuko Kibokoni au Majengo, na anaikumbuka.